Huduma ya kupima udongo baada ya kung'oa matangi ya mafuta, Industrial Area: shimo moja, vipimo viwili

Nimelipa mara mbili kupimiwa shimo moja. Machi nilitoa shilingi 38,000, nikaletewa kurasa tatu zinazosema udongo wa ploti yetu ni safi. Mei nikatoa shilingi 291,000, na kwenye udongo uleule benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, ikaonekana, mara nane ya kiwango kinachokubalika. Maoni haya yanahusu kampuni ya Mei. Majina ya kampuni zote mbili nimeyaacha, kwa sababu ninachotaka mwenye ploti mwenzangu akijue ni namna kazi yenyewe inavyofanywa. Ukiijua, utamtambua anayeiweza siku ya kwanza akiingia langoni.

Ploti iko nyuma ya barabara ya Lunga Lunga, Nairobi. Mzee wetu alikuwa na malori saba ya kwenda Mombasa, na mwaka 1984 alizika matangi mawili ya chuma ili asipange foleni kwenye stesheni za watu: moja la dizeli lita 10,000, moja la petroli lita 5,000 kwa magari madogo. Aliacha kuyatumia 2003, akafunga pampu kwa mnyororo, na baadaye zikawa mahali pa kuanikia matambara. Mzee alipotutoka, sisi watoto wanne tulikubaliana tujenge nyumba za kupanga, za familia zenye watoto. Hapo ndipo suala la matangi lilipoanza kuninyima usingizi. Mimi ndiye ninayeshughulikia ploti, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Kuyang'oa hakukuwa na shida. Mwanakandarasi alinyonya masazo, akatia barafu kavu ndani ya matangi ili mvuke wa petroli usukumwe nje, akapima gesi mdomoni mwa tangi kabla ya mtu yeyote kuwasha msumeno, na kreni ikayainua mchana mmoja wa Februari. Tangi la dizeli lilitoka likiwa zima. La petroli lilikuwa na kutu ubavuni, lakini hatukuona tundu. Sote tulishusha pumzi. Tulidhani tangi likiwa halijatoboka, basi na udongo uko salama.

Wale wa kwanza walikuja saa sita mchana, vijana wawili na mkoba mmoja. Tingatinga lilikuwa limeshautoa udongo na kuurundika kando ya shimo, na lile rundo lilikuwa limelala juani siku tisa. Wakachota kidogo kila kona ya rundo, wakachanganya kwenye karai langu la zege, wakautia kwenye mfuko wa nailoni, wakafunga fundo. Mfuko ukaingia kwenye buti la gari. Waliniambia kuchanganya ndiko kunakotoa wastani mzuri. Sikujua la kuwauliza. Ripoti ilipokuja ilikuwa na mistari minne, na kila mstari una neno moja: haikugunduliwa.

Sasa najua, na naomba msomaji alishike hili kabla ya mengine yote. Petroli si rangi ya ukuta ambayo ukiipaka inabaki. Benzini na wenzake, yaani toluini, ethilibenzini na zailini, ni vitu vinavyoruka. Ukiuanika udongo juani, vinakwenda. Ukiukoroga kwenye karai, vinakwenda. Ukiufunga kwenye nailoni yenye hewa nusu na kuuweka kwenye buti la gari, vinatoka kwenye udongo vikakaa kwenye ile hewa, na maabara ikifungua mfuko vinapotea vyote. Mashine ya maabara inapima kile ilicholetewa. Wale vijana waliiletea udongo uliokwisha kupumua, nayo ikasema kweli kuhusu udongo huo. Kuhusu shimo langu haikusema chochote.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mpangaji, anayekaa kwenye vyumba vya mabati nyuma ya ploti. Mvua za masika zilipoanza aliniita, "Dada, njoo unuse." Tulikwenda hadi ukingoni. Maji yalikuwa yamejaa hadi magotini, na juu yake pana utando wenye rangi za upinde wa mvua, unaotembea polepole upepo ukiusukuma, ukigusa ukuta wa udongo unagawanyika kisha unaungana tena. Tulisimama pale bila kusema. Watu wa upande ule hawahitaji kufundishwa harufu ya petroli. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja yakaingia mtaroni pale mtaa wa Sinai, si mbali na langoni kwetu, yakawaka moto, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Huyu mama alikuwepo. Ana watoto watatu, na ana kisima kifupi cha kuvuta kwa kamba, hatua thelathini hivi kutoka kwenye shimo letu, ambacho maji yake anafulia nguo. Nilirudi nyumbani na ile ripoti ya kurasa tatu mkobani, na nikaona aibu kuibeba.

Kampuni ya pili nilielekezwa na mhandisi wa ujenzi wetu. Niliposimulia kwa simu, yule dada aliyepokea hakunitajia bei. Aliuliza maswali, na swali la tatu lilikuwa hili: "Mama, mzee aliacha kutumia petroli mwaka gani?" Nikamwambia 2003. Akasema basi tutapima na madini ya risasi. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, kwa hiyo petroli iliyopita kwenye lile tangi la mzee tangu 1984 huenda ilikuwa nayo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, hapo Gigiri, lilihangaika na jambo hilo karibu miaka ishirini hadi nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilipoacha 2021. Risasi hairuki kama benzini. Ikiingia kwenye udongo inakaa. Wale wa kwanza hawakuipima kabisa, wala hawakuniuliza mwaka wowote.

Walikuja Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanne, na visanduku viwili vilivyojaa barafu. Kwa saa nzima hawakugusa udongo. Kiongozi wao, kijana mpole wa miaka kama thelathini, alinitembeza kwenye ploti na daftari: pampu zilisimama wapi, mdomo wa kujazia uko wapi, bomba la kupumulia lilipanda ukuta gani, lori lilikuwa likisimama upande upi likijaza. Nilimwita mjomba aliyekuwa fundi wa mzee, akaja na fimbo yake akachora mstari ardhini kuonyesha bomba lilivyopita kutoka tangi hadi pampu, na mahali lilipokunja kona. Kijana akasema, "Asante sana, mzee. Hapo kwenye kona tutapaangalia sana." Baadaye alinieleza kwamba mara nyingi tangi linalaumiwa bure. Yanayovuja ni maungio ya bomba, kona, na chini ya pampu, mahali ambapo matone ya kila siku yanaanguka kwa miaka.

Hakuna aliyeingia shimoni. Hili lilinigusa, maana wale wa kwanza walikuwa wanateremka kwa viatu vya raba. Hawa walipima kwanza hewa ya shimo kwa kifaa cha mkononi, wakavuta maji na kuyahifadhi kwenye pipa la kufungwa, kisha tingatinga likawa linachota udongo kutoka mahali wanapopataka na kuuleta juu. Wanakwangua sehemu ya nje, iliyoguswa na chuma na hewa, na kuchukua kutoka katikati ya bonge.

Nilikaa karibu nikaangalia sampuli moja mwanzo hadi mwisho, ile ya kona ya bomba. Dada wa maabara alibadilisha glavu. Alishika kitu kama sindano ya daktari, ya plastiki, iliyokatwa ncha, akaidunga kwenye bonge jeusi ikatoka na kipande cha udongo kama kidole cha mtoto, gramu tano. Papo hapo akakisukuma ndani ya chupa ndogo ya kioo yenye methanoli, akapangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa hata punje isibaki, akafunga, akatikisa mara moja. Sijui kama ilifika sekunde kumi. Methanoli inaishika benzini isiruke. Kisha akajaza kikopo kingine cha kioo hadi pomoni, bila nafasi ya hewa, kwa ajili ya dizeli na risasi. Karatasi juu ya kila chupa: namba, kina mita 1.2, saa 3:42, jina lake. Zikaingia kwenye barafu. Mwiko aliotumia ukaoshwa kwa sabuni, maji, na maji yaliyochujwa, kabla ya kugusa mahali pengine. Alifanya hivyo mara kumi na sita bila kufupisha hata moja, na kufikia mchana jua lilikuwa kali.

Wakati huohuo mwenzake alikuwa na kile nilichokiita mashine ya kunusa. Anatia udongo kidogo kwenye mfuko wa kufunga, anauacha dakika kadhaa upate joto, kisha anapenyeza mdomo wa mashine na kusoma mvuke uliotoka. Chini ya matangi mashine ilisoma 3, ikasoma 7. Chini ya pampu ya petroli, 88. Kwenye kona ya bomba ilipanda hadi 612. Mjomba aliketi kwenye tofali, akainamisha kichwa. Alisema ile kona aliiunga yeye mwenyewe 1991.

Udongo wa kwetu ni ule mweusi wa upande wa Industrial Area na Embakasi, unaovimba ukinyesha na kupasuka ukikauka hadi mkono unaingia kwenye nyufa. Nilikuwa nadhani udongo mzito namna hii hauwezi kupitisha mafuta. Kijana akanionyesha ukutani mwa shimo: nyufa za kiangazi zimeshuka na ndani yake kuna mistari ya kijivu, na mchanga uliozungushiwa bomba siku ya kulizika umekuwa kama mfereji. Mafuta hayakupita kwenye udongo wenyewe. Yalifuata nyufa na mchanga. Ndiyo maana walichukua sampuli tatu kando ya bomba, nne kwenye sakafu chini ya ncha za matangi, nne kwenye kuta, mbili chini ya pampu, moja kwenye rundo, na moja mbali kabisa, chini ya mwembe wa mzee, ili tujue udongo wa kwetu una risasi kiasi gani kwa asili yake. Ya kumi na sita ilikuwa pacha wa ile ya kona, yenye namba tofauti, ili maabara ipimwe bila kujua. Waliongeza maji mawili, ya shimoni na ya kisima cha mama. Na ilikuwepo chupa moja yenye methanoli peke yake, bila udongo, iliyosafiri nazo zote bila kufunguliwa. Ikionekana na benzini, basi uchafu umetoka safarini.

Matokeo nayaandika kama yalivyo. Chini ya matangi yote mawili, benzini haikugunduliwa, na safari hii karatasi ilisema chini ya kiasi gani: miligramu 0.05 kwa kilo. Neno "haikugunduliwa" bila namba hiyo halina maana, kwa sababu mashine butu haigundui kitu. Kwenye kona ya bomba, benzini 4.3, na pacha wake 3.6, nilishtuka kwamba hazilingani, wakanieleza kuwa udongo haukorogeki kama chai na tofauti ya kiasi hicho ni ya kawaida. Mafuta ya petroli na dizeli kwa jumla, 6,800. Risasi pale konani ilikuwa 96, chini ya mwembe 41.

Walilinganisha na viwango vya Uholanzi, ambavyo kwa benzini ni 1.1, kwa mafuta 5,000, na kwa risasi 530. Lakini hawakuishia hapo. Viwango vile vimewekwa kwa udongo wenye mboji asilimia 10. Wetu ulikuwa na asilimia 5, kwa hiyo kwa benzini na mafuta kiwango kinashuka nusu: 0.55 na 2,500. Ndipo unapoona hiyo mara nane niliyoitaja mwanzo. Mtu mvivu angeacha 1.1, na mimi nisingejua. Risasi ilikuwa imepanda kuliko ya mwembeni lakini mbali na hatari. Maji ya shimoni yalikuwa na benzini miligramu 0.38 kwa lita, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 0.01. Benzini inasababisha saratani ya damu, kwa hiyo hapo hapana mjadala. Kisima cha mama hakikuwa na kitu. Niliposoma mstari huo nilimpigia simu kabla ya kumaliza ukurasa.

Sasa yale ambayo hayakunifurahisha. Waliniahidi ripoti siku kumi za kazi, ikaja siku ya kumi na saba. Chupa zilipimwa siku ya sita, tarehe ziko, na muda wa kuzihifadhi kwenye baridi ni siku kumi na nne, kwa hiyo vipimo ni salama. Kilichochelewa ni uandishi. Lakini ningeambiwa. Nilipiga simu mara tano, na shimo likiwa wazi, mvua inanyesha, mwanakandarasi ananidai siku za kukaa bure. Tena ripoti ilikuwa kurasa 46 za Kiingereza cha maabara. Mimi nilifundisha shule miaka ishirini na saba na niliisoma kwa taabu. Mjomba na mama mpangaji, ambao inawahusu kuliko mtu yeyote, wasingeambulia neno. Nilidai ukurasa mmoja wa Kiswahili. Walisita, kisha wakauandika vizuri mno, na mama ameubandika ukutani karibu na jiko. Ukurasa huo ungekuwemo tangu mwanzo. Na bei ni kubwa: shilingi 13,500 kwa kila sampuli ya udongo, 15,000 kwa maji, na 45,000 kwa siku ya watu na vifaa. Tuliuza gari la ndugu yetu.

Kuna jambo jingine lililonipa imani nao. Ukuta wa magharibi walichukua sampuli karibu na kona badala ya katikati, kwa sababu nyaya za umeme zinapita pale. Lingefichwa kirahisi. Wameliandika ukurasa wa 11, na mchoro, na sababu.

Kazi ilirudiwa Juni. Tingatinga lilichimba kufuata ile kona, mashine ya kunusa ikiongoza: 540, 210, 95, 12, 4. Malori matatu ya udongo yaliondoka. Sampuli tatu mpya zikachukuliwa chini na ubavuni, shilingi 40,500, zote chini ya 0.05. Udongo ule ulibebwa na mchukuzi mwenye leseni ya taka hatari ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na nina nakala ya kila safari. Nataja hili kwa uchungu, kwa maana dalali mmoja alikuja langoni kuununua, ajazie ploti ya mtu Embakasi. Alinipa bei nzuri. Kuna mtu angejenga jikoni juu ya udongo ule, na watoto wake wangecheza hapo. Nilimfukuza, na sijui ni wangapi hawamfukuzi.

Ukitafuta watu wa kazi hii, omba cheti cha maabara cha ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, kilichotolewa na KENAS, shirika la ithibati la Kenya, lakini usiridhike na cheti kilichotundikwa mapokezi. Ithibati inatolewa kwa kipimo kimojakimoja, si kwa jengo. Maabara inaweza kuwa nayo kwa maji ya kunywa na isiwe nayo kwa benzini kwenye udongo. Wana orodha, iombe, utafute benzini kwa kidole. Hawa wangu walinitumia ile orodha kabla sijaiomba. Na siku ya kazi uwepo. Angalia kama wana barafu, kama wanabadilisha glavu, kama wanauliza historia ya mahali. Ukiona mtu anakoroga udongo kwenye karai, mzuie palepale.

Wawape kazi wenye ploti wote wa upande huu. Mimi nawapa nyota nne kwa tano, hiyo moja nimeizuia kwa sababu ya zile siku saba za simu zisizopokelewa.

Shimo sasa limejazwa murami na kushindiliwa. Mjomba alikuja kuliona, akasimama pale ilipokuwa kona ya bomba, akauliza tena kama kisima kweli kiko sawa. Walishauri kipimwe mara nyingine baada ya mvua za vuli, kwa kuwa maji yakipanda yanaweza kubeba kilichobaki mahali. Yule kijana alinipigia mwenyewe wiki iliyopita kukumbusha, na anakuja Jumanne. Nimemwambia afike kabla ya saa moja, mama hajaanza kufua.